Goti la Nyuzi Tisini

Siku plasta ilipokatwa nilitarajia kuuona mguu wangu, lakini uliokuwa umelala juu ya kitanda cha uchunguzi ulionekana kama wa mtu mwingine. Paja lilikuwa limesinyaa, ngozi imepauka na kutoa magamba, na goti limevimba kama lililojazwa maji. Wiki sita kabla ya hapo nilikuwa nimeteleza kwenye ngazi na kupasua pia ya goti la kulia. Kwa kuwa vipande vya mfupa havikuwa vimeachana, sikuhitaji upasuaji. Mguu ulifungwa ukiwa umenyooka ili mfupa uunge, na kweli uliunga. Daktari aliitazama picha ya eksirei, akaniambia nimepona, akanitakia safari njema ya nyumbani. Kuhusu mazoezi hapakuwa na aliyenitajia hata neno moja. Nikashuka kitandani, nikajaribu kukunja goti ili niketi kwenye kiti nivae viatu, na goti likakataa.

Yaliyofuata ni majuma mawili ambayo hadi leo nayahesabu kuwa ya kupoteza. Niliamini kwamba kiungo kilichoumia kinahitaji kupumzishwa, na kwamba kadiri nitakavyokipumzisha ndivyo kitakavyolainika chenyewe. Nililala nimekiwekea mto, nikatembea kwa magongo huku mguu ukiburutwa kama kipande cha ubao, na kila jioni nikashangaa kwa nini kesho yake goti linaamka gumu zaidi. Mwenzangu wa kazini, ambaye mwaka mmoja nyuma alikuwa ametibiwa bega, ndiye aliyeniuliza swali ambalo lilipaswa kuulizwa mapema: nani anakufanyisha fiziotherapia? Sikuwa na jibu.

Mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo, niliyekwenda kumwona alikuwa binti mdogo kwangu kwa miaka kama kumi na mitano, mwenye sauti ya chini na subira nyingi. Kabla ya kunigusa aliniuliza, "Dada, ni kitu gani unachotaka kukifanya ambacho sasa hukiwezi?" Nikamjibu kwamba nataka maumivu yaishe. Akatikisa kichwa taratibu na kusema kwamba hilo tutalifikia, ila yeye ameuliza kuhusu kufanya. Nilifikiri kidogo, nikamwambia nataka kuketi kwenye kiti kama watu, kushuka ngazi bila kushika ukuta, na kufunga kamba za viatu vyangu mwenyewe. Ndipo akatoa kifaa cha plastiki kinachofanana na rula mbili zilizounganishwa kwa msumari, akakiweka ubavuni mwa goti langu na kuniomba nilikunje hadi mwisho wa uwezo. Akasoma: nyuzi 38.

Halafu akafanya jambo ambalo, kwa maoni yangu, ndilo lililonitibu kuliko yote aliyonifanyia baadaye. Alichukua karatasi akaniandikia nyuzi ambazo goti hukunjwa katika shughuli za kawaida. Kutembea kwenye sakafu tambarare ni kati ya 60 na 70. Kupanda ngazi ni kama 83, kushuka ni kama 90. Kuinuka kwenye kiti ni kama 93, na kuinama kufunga kamba za kiatu ni kama 106. Alieleza kwamba namba hizo hupanda na kushuka kidogo kulingana na urefu wa mtu na wa kiti, lakini ramani ndiyo hiyo. Nilikuwa nimeishi zaidi ya miaka arobaini bila kujua kwamba siku yangu ina vipimo. Kwa nyuzi zangu 38 nilikuwa sijafika hata kwenye kutembea.

Watu wengi, na mimi nilikuwa mmoja wao, huihesabu tiba ya viungo kama nyongeza ya matibabu, kitu cha kufanya iwapo muda na fedha vitaruhusu baada ya kazi yenyewe kumalizwa na daktari. Sasa naona vingine. Daktari alikuwa ameutibu mfupa, na aliutibu vizuri; lakini baina ya mfupa uliounga na mtu anayeshuka ngazi kuna safari ndefu, na safari hiyo ina utaalamu wake.

Nilitaka kujua ni kwa nini mguu ulioachwa utulie umeharibika hivyo, naye hakuchoka kunieleza. Msuli ni kiungo chenye uchumi mkali: mwili haugharamii nyama isiyotumika. Mtu akilazwa au akifungwa plasta, misuli huanza kupungua ndani ya siku chache tu, na misuli ya mbele ya paja, ile inayolinyoosha goti, ni miongoni mwa ya kwanza kunyauka. Mifupa nayo hufuata kanuni hiyo hiyo. Wanaanga, ambao miguu yao haibebi uzito wowote huko angani, hupoteza takriban asilimia 1 hadi 1.5 ya uzito wa madini ya mifupa inayobeba mwili kwa kila mwezi, ingawa wao ni watu wenye afya kuliko wengi wetu. Gegedu linalofunika ncha za mifupa halina mishipa ya damu. Hulishwa na ute wa kiungo, na ute huo husukumwa ndani yake na kutolewa pale kiungo kinapobanwa na kuachiliwa, kama sifongo. Kiungo kisichosogea kinashinda na njaa. Zaidi ya hayo, mfuko unaokizunguka kiungo husinyaa na kushikana pale ulipozoea kukaa.

Lililonishangaza zaidi ni habari ya uvimbe. Goti likiwa na majimaji ndani, mishipa ya fahamu hupeleka taarifa zinazoufanya uti wa mgongo upunguze amri kwa misuli ya paja. Msuli haujafa wala haujakatika, umezuiwa tu. Ndiyo maana siku ile ya kwanza, aliponiambia nikaze paja huku mguu umenyooka, nilikodoa macho, nikabana meno, nikakaza hadi shingo, na paja halikutikisika. Nilihisi aibu kana kwamba nimekuwa mvivu mbele ya mwalimu. Akaweka kitambaa kilichokunjwa chini ya goti, akanigonga kwa vidole juu ya msuli, akasema, "Kandamiza kitambaa." Mara ya saba au ya nane, kitu kilicheza chini ya ngozi, kidogo mno, kama samaki aliyegeuka ndani ya maji. Sijawahi kufurahia jambo dogo kiasi kile.

Mazoezi yenyewe, nisidanganye, yanachosha kwa jinsi yasivyo na mvuto. Kukaza paja kwa sekunde tano na kulegeza. Kuburuta kisigino kitandani kuelekea makalio. Kuinua mguu ulionyooka hadi usawa wa mwingine. Mara kumi, pumzika, mara kumi tena, na hayo yote mara tatu kwa siku. Hakuna mashine inayolia wala dawa yenye jina gumu la kuwasimulia watu. Nadhani ndiyo sababu wengi huyaacha wiki ya pili: akili hukataa kuamini kwamba jambo jepesi namna hiyo ni tiba. Nilikutana pale na wagonjwa waliokuja kwa ajili ya kukandwa tu, na walipoelekezwa mazoezi ya kufanya nyumbani waliondoka wamenuna. Sina ugomvi na kukandwa, kwa kuwa kunatuliza, na baada ya wiki za maumivu mkono wa mtu mwenye huruma ni neema. Hata hivyo, kukandwa mtu hupokea, na mazoezi mtu hufanya, na ni kile unachofanya kinachobaki mguuni baada ya kutoka mlangoni. Nilimwona mtaalamu wangu mara mbili kwa juma, dakika arobaini kila mara. Saa zote zilizobaki nilikuwa na goti langu peke yangu.

Suala la maumivu lilihitaji mafunzo ya pekee. Nilikuwa nachukulia kila uchungu kuwa onyo kwamba kitu kinachanika. Alinifundisha kuyapa maumivu alama, kuanzia sifuri hadi kumi, kabla ya zoezi, wakati wa zoezi na kesho yake asubuhi. Uchungu wa alama tatu au nne unaokuja wakati wa kukunja na kupungua baadaye ulikuwa umeruhusiwa. Uchungu unaoamka nami asubuhi ukiwa umepanda, au uvimbe ulioongezeka, ulimaanisha kwamba jana nilizidisha, basi leo nipunguze, si niache. Kanuni hiyo ndogo ilinitoa katika hali mbili nilizokuwa nikiyumba kati yake: siku ya ushujaa wa kijinga na siku tatu za kulala kitandani kwa woga.

Wiki ya nne baada ya kuanza nilifika nyuzi 70 na nikatembea bila gongo. Wiki ya saba kifaa kilisoma 91. Nilipofika nyumbani niliketi kwenye kiti, nikainuka, nikaketi tena, nikainuka, kama mtoto aliyejua jambo jipya.

Wakati huo ndipo nilipoanza kusoma kuhusu historia ya fani hii, na nikaona kwamba ugomvi kati ya kutuliza na kusogeza ni wa zamani. Mwaka 1813 Per Henrik Ling alianzisha mjini Stockholm, Sweden, chuo cha mazoezi ya viungo ambacho kilichukulia mwendo wa mwili kuwa sehemu ya tiba. Mwaka 1894 wauguzi wanne wa Uingereza waliunda chama cha wakandaji waliofunzwa, ili kuilinda kazi yao dhidi ya watu waliotumia jina la kukanda kwa mambo mengine, na chama hicho ndicho kilichokua kuwa chama cha wanafiziotherapia wa nchi hiyo. Vita Kuu ya Kwanza ilirudisha nyumbani vijana wengi waliokatwa na kuvunjika, na hospitali za majeshi zikahitaji watu wa kuwafundisha kutembea na kufanya kazi upya. Kisha yakaja magonjwa ya kupooza ya polio. Desturi ya matabibu wengi wa enzi hizo ilikuwa kuifunga miguu ya watoto waliopooza kwa vigango na plasta ili isipinde. Muuguzi wa Australia, Elizabeth Kenny, alifanya kinyume: aliiwekea misuli vitambaa vya moto, akaisogeza, akawafundisha watoto kuitumia tena. Baadhi ya maelezo yake juu ya ugonjwa wenyewe hayakuwa sahihi, na madaktari walimpinga vikali, lakini alipofika Marekani mwaka 1940 matokeo yake yaliwafanya wengi waiache desturi ya kufunga. Niliposoma hayo niliifikiria plasta yangu. Sikuilaani, kwa kuwa mfupa uliovunjika lazima ushikwe. Nilichojutia ni zile wiki mbili za baada yake, nilipojifunga mwenyewe kwa mto.

Nimetaja goti kwa sababu ndilo langu, lakini watu wengi zaidi hupelekwa kwa wataalamu hawa na mgongo. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2020 watu milioni 619 walikuwa na maumivu ya chini ya mgongo, yaani takriban mtu mmoja katika kila watu 13. Mwenzangu yule wa kazini, baada ya bega lake kupona, aliamka siku moja mgongo umemkaza. Akapigwa picha, akasomewa maneno ya kutisha kuhusu diski zilizochakaa, zile pedi zilizo kati ya pingili za mgongo, na kuanzia hapo akawa haokoti hata kalamu iliyoanguka. Laiti angeambiwa na jambo la pili. Mwaka 2015 watafiti walikusanya matokeo ya picha za migongo ya watu zaidi ya 3,000 ambao hawakuwa na maumivu yoyote, wakakuta kwamba dalili za kuchakaa kwa diski zilionekana kwa asilimia 37 ya wenye umri wa miaka 20, na kwa asilimia 96 ya wenye umri wa miaka 80. Picha huonyesha mvi za uti wa mgongo, na mvi si ugonjwa. Mwongozo uliotolewa na Shirika la Afya Duniani mwezi Desemba 2023 kuhusu maumivu sugu ya chini ya mgongo unapendekeza elimu na mazoezi, na haupendekezi mikanda ya kubana kiuno wala kuvutwa kwa uzito. Mwenzangu alitibiwa kwa kufundishwa kuinama: kwanza kwa fimbo mgongoni, kisha kwa ndoo tupu, kisha kwa ndoo yenye maji. Alikuwa amesahau kwamba mgongo umeumbwa uiname.

Baba yangu ndiye aliyenifanya nione faida ya tiba hii kwa mtu ambaye hajavunjika chochote. Mwaka ule aliyumba bafuni akashika ukuta, hakuanguka, hakuumia, lakini kitu kilibadilika. Akaanza kuahirisha matembezi yake ya jioni, halafu akayaacha. Woga wa kuanguka una hila yake: unamfanya mtu akae, kukaa kunapunguza misuli, misuli iliyopungua inamfanya ayumbe zaidi, na kuyumba kunathibitisha kwamba woga ulikuwa na haki. Nilimpeleka kwa mtaalamu wangu. Akamketisha kwenye kiti, akamwomba asimame, atembee mita tatu, ageuke, arudi na kuketi, huku yeye akiangalia saa. Zilipita sekunde 17. Akamwambia kwa heshima, "Mzee wangu, zikizidi 12 tunaanza kuangalia kwa makini."

Mazoezi aliyopewa baba yalifanana na yale ya mpango uliotungwa katika Chuo Kikuu cha Otago huko New Zealand: kuinuka kwenye kiti bila kutumia mikono, kusimama kwa visigino na kwa vidole, kutembea kwa kufuatisha kisigino na kidole kwenye mstari mmoja, na kutembea nje kwa vipindi. Majaribio ya mpango huo kwa wazee yalionyesha kwamba kuanguka kulipungua kwa takriban asilimia 35. Baba hakujali asilimia. Alichojali ni kwamba mwezi wa tatu aliweza kuvaa suruali akiwa amesimama, jambo ambalo alikuwa ameliacha kimyakimya bila kumwambia yeyote, nami nililijua pale tu alipolirejesha na kulitangaza nyumba nzima.

Yapo mengine ambayo mtu hayategemei kuyakuta kwa mtaalamu wa viungo. Kizunguzungu cha ghafla kinachokuja unapogeuka kitandani mara nyingi husababishwa na chembe ndogo za chokaa zilizotoka mahali pake katika sikio la ndani, na huweza kuondolewa kwa kukigeuza kichwa kwa mpangilio maalumu, kazi ya dakika chache. Wanawake wanaovujisha mkojo wakikohoa au wakicheka baada ya kuzaa, na ambao wameishi na siri hiyo kwa miaka, wanaweza kufundishwa kuitia nguvu misuli ya sakafu ya nyonga. Daktari wa Marekani, Arnold Kegel, aliandika kuhusu mazoezi hayo tangu mwaka 1948, na bado yanaongelewa kwa kunong'ona. Waliopatwa na kiharusi huzoezwa kuutumia mkono uliolegea kwa kurudia tendo lile lile mara mamia, kwa kuwa ubongo hujifunza upya kwa kurudia.

Tiba hii ina mipaka, na mtaalamu mzuri huitaja kabla hujauliza. Maumivu ya mgongo yanayoambatana na ganzi katikati ya mapaja, miguu kuishiwa nguvu, au kushindwa kuuzuia au kuutoa mkojo, ni ya kukimbizwa hospitali siku hiyo hiyo. Vivyo hivyo shavu la mguu lililovimba, likawa la moto na kuuma baada ya muda mrefu wa kutotembea, kwa sababu huenda kuna damu iliyoganda. Wapo pia wataalamu wanaokulaza chini ya mashine za joto mara ishirini bila kukuinua wala kukupima. Mimi ningeuliza mapema: tunapima nini, na tutajuaje kwamba tumepiga hatua?

Goti langu sasa linakunjwa nyuzi 128, na la kushoto 140. Tofauti hiyo ya 12 naiona tu ninapochuchumaa, ambapo kisigino cha kulia hunyanyuka na mwili kuegemea upande mmoja. Nimeambiwa huenda nyingine zikarudi na nyingine zisirudi. Kamba za viatu nafunga. Ngazi nashuka kwa kupishanisha miguu, ingawa nikiwa na haraka au giza likiwepo mguu wa kushoto bado hujipeleka mbele wenyewe ili kuulinda wa kulia, na hujikuta nimesimama kidato cha tatu, nikiwa nimeshika ukuta ambao sikukusudia kuushika. Basi huuachia, hupeleka mguu wa kulia chini, na huendelea.

Jioni tunafanya mazoezi pamoja, mimi na baba, kila mmoja na kiti chake. Yeye huhesabu kwa sauti kwa ajili ya wote wawili, na akifika saba huruka hadi tisa. Nimemwambia nimegundua. Anasema ni masikio yangu, nayo nikayapeleke yakazoezwe.